Mistari Mia Mbili ya Germaine

Katungu hakuwa mtu mbaya. Nalitanguliza hilo mapema, maana nikianza na alichokifanya mtakunja nyuso na hamtanisikiliza tena. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Butembo, aliyekuja Lubumbashi kusomea mambo ya kompyuta, akabaki kwa sababu Patron Adrien, aliyesali kanisa moja na wazazi wake zamani kule Kivu, alimpa kazi. Kanisani aliimba sauti ya pili. Kazini alipenda usafi kupita kiasi: kalamu zilipangwa kwa urefu, nyaya zilifungwa kwa utepe, na kikombe chake hakuna aliyethubutu kukigusa. Usafi huo ndio uliomponza.

Patron Adrien alikuwa na malori yaliyopeleka na kuleta simenti, unga na chumvi kupitia mpaka wa Mokambo. Katika ua wa kampuni kulikuwa na mizani ya magari, ile wenyewe wanayoiita bascule. Kila lori lilipanda juu yake likiingia na likitoka, programu ikasoma uzito, ikapiga hesabu ya mzigo uliobebwa, ikachapa karatasi. Bila karatasi, Ézéchiel, mlinzi wa geti, hakufungua hata kwa malaika.

Programu ile iliandikwa na Papa André. Huyu alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kutoka kaskazini ya Katanga, mzee wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Alistaafu miaka minne iliyopita lakini hakuacha kuja. Kila Alhamisi alifika na mfuko wa karanga za kukaanga, akamwachia Ézéchiel kiganja kimoja, akaketi kwenye kiti karibu na dirisha la mizani akisikiliza malori. Hakuna aliyekuwa na haja naye, na hakuna aliyeweza kuifikiria Alhamisi bila yeye.

Siku ya kumkabidhi Katungu kazi, alimpa daftari la shule lenye jalada la bluu, limejaa mwandiko wake, nusu Kifaransa nusu Kiswahili.

"Soma hii, binti. Yote iko mule."

"Merci, Papa," alisema Katungu. Skrini yake ilikuwa chini mno na shingo ilimuuma, basi akaliweka daftari chini ya skrini. Lilitosha kabisa. Likakaa pale miaka minne bila kufunguliwa, na shingo ikapona.

Mwaka huu ikaja mizani mpya, na mizani mpya ilidai mfumo mpya wa kompyuta, na mfumo mpya ulikuja na kompileta mpya, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya fundi kuwa kazi ambayo mashine inaweza kuitenda. Mtu mwenye hadhari angeweka kwanza nakala ya kila kitu. Katungu, Jumamosi moja, alifuta. Alifuta mfumo wa zamani, akafuta kompileta ya zamani, akafuta na programu yenyewe iliyokuwa ikifanya kazi bila kulalamika. Alijiambia kwamba Jumatatu ataijenga upya kutoka kwenye maandishi, ing'ae. Alirudi nyumbani akiimba.

Jumatatu asubuhi kompileta ilipita faili moja baada ya nyingine bila neno. Kisha ikafika zamu ya kiunganishi. Kazi ya kiunganishi ni kushika vipande vyote na kuviunga: kipande hiki kinaita hesabu fulani, basi kiunganishi huitafuta hesabu hiyo ilipo na kuvikutanisha. Kikikosa, huandika kwamba kimeita na hakuna aliyeitika. Siku ile kiliandika mistari mia mbili na kumi na minne. Na katika kila mstari kulikuwa na jina moja: Germaine.

Katungu alijua maana yake, na hapo ndipo hadithi yote ilipo. Germaine lilikuwa jina la maktaba, yaani fungu la hesabu za uzito ambalo Papa André alilijenga zamani kwa kompileta ya zamani na kulifunga, na tangu hapo kila mtu akalitumia hivyo hivyo lilivyofungwa. Kompileta mpya iliita kwa namna mpya, fungu la zamani lilijua namna ya zamani tu. Alipaswa kulijenga upya, lakini hakujua maandishi yake yako wapi. Kosa lilikuwa lake mwanzo hadi mwisho, na alilijua kabla chai yake haijapoa.

Malori yalianza kupanga foleni. Lilipofika la kumi na moja, Patron Adrien mwenyewe aliingia, akasimama nyuma ya kiti cha Katungu, ambaye alimwita Ingé, yaani injinia.

"Ingé, juu ya nini malori haitoke?"

"Niko natafuta, Patron."

Patron aliinama. Hakuwa mtu wa kompyuta, lakini kusoma alijua, na skrini nzima ilikuwa neno moja kutoka juu hadi chini.

"Germaine. Germaine. Germaine. Huyu Germaine ni nani?"

"Ni jina ya bibi ya Papa André, muke yake."

"Ule alikufaka?"

"Ndiyo, Patron. Inakuwa miaka tisa."

Patron alirudi hatua moja. Alikuwa mtu wa maombi, mtu aliyefunga kula kila mwanzo wa mwezi, na kwake hakuna jambo lililotokea hivi hivi tu. "Yesu," alisema polepole. "Machine iko inatafuta mufu?"

Sentensi moja ingetosha. Patron, ni jina ya faili, miye njo nilikosa. Katungu alikuwa nayo mdomoni, imekamilika, na aliyaona malori dirishani, akamwona Patron atakavyogeuka, akayawaza maneno "miaka yote ile ya masomo". Akaimeza.

"Iko inamuita, Patron," alisema. "Hamupate."

Hakuna neno hata moja la uongo hapo. Ndiyo maana ulikuwa uongo mkubwa.

Katika kampuni ile siku ilianza kwa sala. Wafanyakazi wote, madereva, wapakiaji, mama wa ofisi, walisimama uani kwa duara, wakaimba, na aliyekuwa na ushuhuda akautoa mbele ya wote. Siku hiyo Patron aliwaita tena saa nne. Akawaambia watu thelathini kwamba mzee aliyeondoka aliacha kitu ndani ya mashine, kwamba alimfungia humo mke wake marehemu ili kazi isiendelee bila yeye. "Njo maana anakuyaka kila Alhamisi!" alisema mtu mmoja, akamwita mulozi, yaani mchawi, na wengine wakaguna, kwa kuwa sasa karanga nazo zilipata maelezo. Katungu alisimama kwenye duara akiangalia viatu vyake. Alikuwa na nafasi ya pili ya kusema, na aliiacha ipite.

Wakaenda kuipaka kompyuta mafuta ya maombi. Mchungaji wa kampuni, ambaye siku nyingine ni dereva, aliinua skrini ili apake hata chini yake. Daftari la bluu likaanguka miguuni pa Katungu.

Wote walipotoka alilifungua. Hakutafuta sana, mzee alikuwa ameandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa na kukipigia mistari miwili:

"Siku utabadirisha compilateur. Utaona makosa mingi sana. Usiogope. Usisome ya mwisho, soma ya kwanza. Anza na Germaine, umujenge upya, kiisha bengine batafuata. Code yake iko pa CD, nyuma ya cahier."

Nyuma ya jalada kulikuwa na CD, imebandikwa kwa plasta ya kidonda. Na chini ya maelezo, kwa kalamu nyingine: "Germaine njo alikuwa anahakikisha hesabu yangu yote na kalamu ya biki, pa meza ya chakula. Hakukosaka hata mara moja."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliambiwa tukiwa wadogo. Huyu hata guu halikumvunjika, lilivunjika la mwingine. Kompyuta ya magasin, yaani ghala, bado ilikuwa na mahali pa kuingiza CD. Kwa nusu saa Katungu aliijenga Germaine upya, akaita kiunganishi, nacho kikanyamaza. Kiunganishi kikiridhika hakisemi kitu. Lori la kwanza likapanda mizani, karatasi ikatoka.

"Alléluia!" alilia Patron Adrien. "Lakini ile jina, utoshe."

Akalitoa. Mashine ilimwuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo, na mahali pote palipokuwa Germaine pakaandikwa Kalkuli. Haikuchukua hata sekunde moja. Patron alimwambia ajiandae, Alhamisi atatoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomwonyesha njia.

Jioni alimpigia mama yake Butembo kama kawaida. Alikusudia kumwambia kweli. Lakini mama alikuwa amechoka, mvua imeharibu maharage yake, na Katungu akataka kumpa jambo la kumfurahisha. Akamsimulia muujiza. Akatia na chumvi, hata mzee akawa mchawi.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia Alhamisi, saa mbili kasoro robo. Alikuwa dirishani pa mizani alipomwona Papa André akija, shati limepigwa pasi, mfuko wa karanga mkononi. Ézéchiel alitoka mbele ya geti, akasimama kati.

"Papa, leo hautaingia."

"Nimekosa nini?"

"Papa, miye niko mulinzi tu."

Mzee alimtazama kidogo. Hakubisha. Alichota kiganja cha karanga kama siku zote na kumnyooshea, naye Ézéchiel, kijana aliyekula karanga hizo miaka minne, akaficha mikono mgongoni. Pembeni ya geti Mama Tracy, muuza mandazi, alivuta kitambaa akafunika beseni lake. Alifanya haraka, bila kumwangalia mzee usoni, jinsi mtu anavyofunika chakula kwa sababu ya nzi.

Papa André aliona kitambaa kile. Akaurudisha mfuko kifuani, akageuka, akaenda zake. Katungu aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua, aibu ya mwili mzima. Masikio yalimwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Lakini ardhi ya Katanga ni ngumu, ina shaba.

Kengele ya sala ikalia. Duara likaundwa, wimbo ukaimbwa, na Patron akatangaza kwa furaha kwamba dada Katungu ana neno.

Katungu aliingia katikati. "Germaine ni jina ya faili," alisema. Sauti yake nzuri ya kwaya haikuwepo. "Papa André aliita kazi yake jina ya bibi yake, vile muntu anaita lori yake jina ya mutoto. Miye njo nilifuta programme. Miye njo nilikosa. Yee aliandika dawa yote mu cahier, na cahier niliweka chini ya écran miaka ine. Nilijua. Ile siku Patron aliniuliza, nilikuwa najua."

Mtu mmoja alisema "Amen" kwa mazoea, akajuta.

"Ulijua?" aliuliza Patron Adrien.

"Nilijua."

Alikuwa mtu mkubwa, na walimwona akipungua. Naye alikuwa amewaambia watu thelathini uongo huo. "Ungesema tu, binti yangu," alisema mwishowe. "Ningekasirika siku moja." Hakumfukuza. Afadhali angemfukuza, aliwaza Katungu, yeye naye angepata kitu cha kumlaumu.

Akaomba ruhusa, akaenda kwa miguu hadi kwa Papa André, nyumba ya matofali katika mtaa wa watu wa reli wa zamani. Alimkuta barazani akimenya karanga za wiki ijayo. Hilo lilimchoma zaidi ya kitambaa: mzee alikuwa bado anamenya.

Alipiga magoti akasema yote, pamoja na lile la mwisho. "Na jina nililitosha, Papa. Mahali yote."

Vidole vya mzee vikasimama. Mambo mengine yote aliyasikiliza akimenya, mpaka hapo.

"Mahali yote?"

"Yote, Papa."

Kuku alipita, akadonoa ganda. "Simama," alisema hatimaye. "Magoti haijengake kintu. Ulisema mbele ya bantu bangapi?"

"Patron alisema mbele ya bantu makumi tatu. Leo nimesema mbele ya bale bale."

"Mama ya mandazi alikuwa mu sala?"

"Hapana."

"Lakini alisikia."

"Alisikia, Papa."

"Na dereva ba Mokambo? Na bale banachotaka maji pa geti?" Hakupaza sauti. "Miye ni muntu wa huku. Bajukuu bangu banasoma huku. Mulozi, ni neno inapita mbio kuliko lori, na hairudi yenyewe. Uliisoma cahier sasa?"

"Niliisoma."

"Makosa ikiwa mia mbili, unaanza na gani?"

Katungu alijibu kwa shida. "Na ya kwanza."

"Basi."

Alivaa viatu, wakatoka pamoja. Kwanza walipita ofisini, na mbele ya macho yake Katungu akalirudisha jina la Germaine kila lilipokuwa, akajenga upya, kiunganishi kikanyamaza. Kisha mzee akasema waende kwa waliosikia, mmoja mmoja.

Mama Tracy alikuwa na wateja watano. Katungu alisimama mbele yao na kusema kwa sauti, nilidanganya, huyu mzee hana kosa. Mama Tracy akaona haya, akalivua beseni kitambaa, akamchagulia Papa André andazi kubwa. Alilipokea kwa mikono miwili. Ézéchiel aliomba msamaha kabla hajaambiwa lolote. Kisha madereva, mmoja mmoja, na wachota maji, na fundi baiskeli aliyekuwa ameongeza kwamba usiku mashine hulia. Kwa kila mmoja Katungu alisema maneno yale yale, na hayakuwa mepesi kwa kurudiwa. Mara ya kumi na mbili yalikuwa mazito kuliko ya kwanza. Wengine walicheka. Mmoja alimwambia mzee, "Miye sikuaminaka," na wote watatu walijua kwamba aliamini.

Jua lilipoanza kushuka walikuwa wamefika tena karibu na geti. "Iko mwengine?" aliuliza Papa André.

"Hapana," alisema Katungu. Mzee alimwangalia tu. "Iko mama yangu," aliongeza Katungu.

"Mupigie."

Mama alishika simu kwa furaha, akianza kwa Kinande, lugha yao ya nyumbani, na Katungu akamkatiza.

"Mama, leo tuongee Kiswahili. Iko muntu hapa anapashwa kusikia." Akaweka sauti ya nje.

"Kiswahili? Juu ya nini? Ni ule mulozi tena?" Sauti ilijaa upendo wote wa mama mwenye mtoto mbali. "Usiogope, mwanangu. Nilieleza bamama ya chorale, bote makumi ine. Tuko tunafunga kula juu ya ile kazi yako. Hatakuweza."

Papa André alikuwa ameshika andazi lake, hajaliuma.

"Mama, haiko mulozi. Iko hapa pembeni yangu, amekusikia. Hakufanya kintu. Miye njo niliharibu kazi, kiisha nikaacha bantu baseme ni yee. Na weye nilikudanganya."

"Mupe," alisema mama.

Mzee alipokea simu. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana, mmoja Butembo, mmoja Lubumbashi, na kati yao nchi nzima. "Papa," alisema ile sauti, sasa ikiwa ndogo, "unisamehe. Nilimuzaa miye." Kisha akauliza jina lake kamili, akaomba amtajie na la mke wake, akayarudia yote mawili taratibu ili asiyakosee, akakata simu bila kumuaga mtoto wake.

Papa André hakujua mama yule aliyataka majina hayo kwa nini. Katungu naye hakujua, mpaka Jumapili, shangazi yake alipompigia kumwuliza kuna nini. Alisema kwamba mama alisimama mbele ya kwaya, hakuimba. Aliwaambia bamama arobaini waache kufunga. Aliyataja majina mawili, la mzee na la Germaine, akasema hawa ni watu wa heshima na mwongo ni mtoto wangu. Akaanza na mama wa safu ya kwanza, akamshika mkono, akamwambia tena usoni, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka safu ya nyuma. Ilichukua muda wote wa ibada.